Mtoto Anayemsalimia Kila Mtu

*Shikamoo Daktari. Ninalea mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka minane, niko naye tangu akiwa na mwaka na nusu. Mdogo wangu alikunywa sana akiwa na mimba yake: mchana mbege, usiku chochote kinachopatikana, hata gongo. Mtoto ni mchangamfu kuliko wote hapa nyumbani, anasalimia kila mtu, lakini hana rafiki hata mmoja. Mwezi uliopita alipanda bodaboda ya mtu asiyemjua akapelekwa hadi stendi, kisa "anko kasema twende". Juzi nilimtuma chumvi na kiberiti, akarudi mikono mitupu, hela hamna, akadai amekimbizwa na mbwa. Mtaani kwetu hakuna mbwa. Shuleni anachapwa karibu kila siku, kesho yake anarudia kosa lile lile. Mama yetu anasema ni ukaidi wa upande wa baba yake. Je, ni pombe? Na ubongo ulioharibika tumboni unapona? Naomba pia ushauri, mdogo wangu ana mimba nyingine ya kama miezi minne na bado anakunywa. — Mama Mkubwa, Moshi*

Marahaba, Mama Mkubwa.

Nianze na la mwisho, maana halisubiri. Usimfungie mdogo wako ndani ili asinywe. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kuanguka kama mwenye kifafa, na hapo mnaweza kuwapoteza wote wawili. Nitalirudia.

Kuhusu mtoto, siwezi kumpima kwa barua. Ila kwa ulivyoeleza, pombe ningeiweka juu kabisa kwenye orodha, na kilichonifanya niiweke juu si viboko wala matokeo ya darasani. Ni zile salamu.

Niliwahi kuletewa kijana wa miaka tisa. Alipofika kliniki alipita benchi zima, shikamoo mama, shikamoo baba, akampa mkono mlinzi, kisha akaenda kukaa mapajani mwa mwanamke asiyemjua aliyekuwa anasubiri na mtoto wake mgonjwa. Wauguzi walimpenda papo hapo. Mmoja akaninong'oneza, "Huyu hana shida daktari, ana adabu zake." Nikampa kazi ndogo: chukua kikombe, kiweke dirishani, kisha niletee kalamu nyekundu. Alichukua kikombe, akasimama nacho, akatabasamu, akaniuliza kama nina watoto. Nikarudia maagizo. Akakipeleka dirishani, akabaki pale anaangalia magari. Kalamu haikuja. Baadaye nikamwonyesha picha ya mtoto aliyeshika mpira uliopasuka, na mwingine amejibanza nyuma ya mlango. Nani kati yao anaogopa? "Wanacheza," akasema, kwa furaha kabisa.

Unaona, salamu zetu huja na majibu yake. Shikamoo, marahaba. Hujambo, sijambo. Za nyumbani, nzuri. Mtoto mwenye masikio mazuri anazikariri zote akiwa na miaka mitatu, na jamii nzima inampigia makofi. Kazi inaanza pale salamu zinapokwisha: kusoma uso wa mwenzako, kungoja zamu, kujua kwamba utani umeanza kuuma, kuhisi kuwa huyu mtu mzima anayecheka nawe ana lake jambo. Hapo hakuna majibu ya kukariri, na hapo ndipo mtoto wa namna hii anapopotea. Kwetu anaweza kufika darasa la pili au la tatu watu wote wakimwona ana tabia nzuri, halafu ghafla wanaanza kumwita mjinga na mwongo.

Sasa nieleze pombe inafanya nini kule tumboni.

Mama akinywa, pombe hupita kondo la nyuma bila kizuizi. Haipiti muda mrefu kabla kiwango kilicho kwenye damu ya mtoto kulingana na cha mama. Tofauti ni kwamba mama ana ini lililokomaa la kuivunja, mtoto hana. Anachokojoa huingia kwenye maji ya uzazi, na maji hayo huyameza tena, kwa hiyo mama ameshaamka na kuoga, yeye bado yumo ndani ya pombe. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Mbege hutegemea imelala siku ngapi. Gongo hutegemea mpishi, na hata mpishi hajui.

Ubongo haujengwi mahali pamoja. Seli nyingi za ubongo huzaliwa katikati, kisha husafiri kwenda kufanyia kazi nje kabisa, kama vijana wanaotoka kijijini kwenda mjini. Pombe huwaua wengine njiani, wengine huwashusha kituo kisicho chao. Mwaka 1981 mtafiti Kathleen Sulik, kule Chapel Hill, North Carolina, Marekani, alionyesha kwamba panya mwenye mimba akipewa pombe kwa siku moja tu, siku inayolingana na wiki ya tatu ya mimba ya binadamu, watoto wake huzaliwa na sura ile ile tunayoiona kwa watoto walioathiriwa. Wiki ya tatu mwanamke hata hajakosa hedhi. Mwisho wa mimba nako si salama: mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba ubongo wa panya ulio kwenye kasi ya kukua, hatua inayolingana na miezi ya mwisho ya mimba kwa binadamu, ukikutana na pombe, seli zake nyingi hujiua ndani ya saa chache. Hakuna mwezi uliokingwa. Ndiyo maana madaktari tumeacha kutaja "kiasi kidogo": hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama.

Sehemu zinazoumia zaidi zinajulikana. Lipo daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo; kwa watoto hawa linaweza kuwa jembamba, mara chache halipo kabisa. Ipo sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayozuia, kupanga na kushika maagizo mawili matatu kwa wakati mmoja. Ipo ile inayohifadhi kumbukumbu za mambo yaliyotokea. Na upo ubongo mdogo wa nyuma, juu ya shingo, unaosawazisha mwendo na, kama tunavyojua siku hizi, husaidia pia kufikiri na kuhisi.

Chukua hayo uyalinganishe na barua yako.

Bodaboda. Bila shaka ulishamwambia asiende na mtu asiyemjua. Alikusikia, na pengine akiulizwa anairudia kanuni neno kwa neno. Lakini yule mtu alimsalimia, akajiita anko. Kwa mtoto huyu, mtu akishasalimiana naye si mgeni tena. Kanuni anayo, ila hawezi kuibeba kutoka sebuleni kwako hadi barabarani na kuitambua ikiwa imevaa nguo nyingine.

Chumvi na kiberiti. Hapa mnamwonea. Mwongo wa kweli hudanganya ili apate kitu au akwepe kitu, na huchagua uongo unaofanana na ukweli. Asingesema mbwa mtaa usio na mbwa. Huyu ukimuuliza "hela iko wapi" anatafuta kumbukumbu, anakuta pengo, na mbele yake kuna mtu mzima anayesubiri jibu. Analijaza pengo kwa chochote kilicho karibu, labda mbwa aliyemwona wiki iliyopita kwingine. Dakika tano baadaye anakiamini mwenyewe.

Viboko. Ili kiboko kimfundishe mtu, lazima aweze kushika mambo matatu pamoja: nilichofanya, kilichofuata, na kwamba leo hali inafanana na ya jana. Kamba inayofunga matatu hayo ndiyo iliyokatika. Anachojifunza ni kwamba mwalimu yule anapiga. Kwa nini, hajui, na kesho anamwendea akitabasamu: shikamoo mwalimu.

Kutokuwa na rafiki. Mwaka 1998 watafiti wa San Diego waliwalinganisha watoto walioathiriwa na pombe tumboni na watoto wengine wenye alama zile zile za vipimo vya akili. Wale wa pombe walikuwa nyuma zaidi katika kuishi na watu kuliko alama zao za akili zilivyotabiri, na kadiri umri ulivyosogea pengo lilizidi kupanuka. Ujuzi wao wa kijamii ulikuwa kama umesimama kwenye umri wa miaka minne hadi sita. Wa kwako ana minane. Michezo yake na hasira zake zipime kwa umri wa chini kidogo, utamwelewa. Wenzake wa miaka minane hawana subira hiyo, wanamkimbia. Naye utamkuta anacheza na wa miaka mitano, au anawafuata wakubwa wanaomtuma kufanya upuuzi. Hata panya walioathiriwa na pombe kabla ya kukomaa hubadilika namna hiyo: mchezo wao wa kubingirishana huharibika, na panya mwenzao waliyekutana naye muda mfupi uliopita humnusa kana kwamba ni mgeni. Panya hana mama mkubwa wa kumdekeza wala upande wa baba wa kurithi ukaidi. Mwambie bibi yake hivyo, kwa heshima.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Daktari Paul Lemoine aliandika kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1973 Kenneth Lyons Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakalipa jina: fetal alcohol syndrome, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeathiriwa na pombe tumboni. Afrika linafahamika zaidi kutoka Western Cape, Afrika Kusini, ambako kwa vizazi na vizazi vibarua wa mashamba ya zabibu walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, utaratibu ulioitwa dop. Ulikatazwa kisheria, ulevi ukabaki. Watafiti walipowapima watoto wa darasa la kwanza katika mji mmoja wa huko, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha watoto zaidi ya 40 kati ya kila 1,000 wana ugonjwa kamili, wa sura na yote. Sisi huku hatujapima kwa kiasi hicho, na asiyepima haoni.

Nimetaja sura. Dalili tatu za usoni ni matundu mafupi ya macho, mdomo wa juu mwembamba, na kile kifereji kati ya pua na mdomo kuwa bapa. Usikae na kioo ukimkagua. Watoto wengi walioathiriwa wana uso wa kawaida kabisa, na unene wa midomo yetu haupimwi kwa picha za Wazungu. Hata Seattle walitengeneza picha tofauti za kulinganishia kwa watu wenye asili ya Afrika. Kukosa sura hiyo hakumwondoi kwenye orodha.

Halafu kuna swali ambalo bibi yake atalileta tu: mbona fulani alikunywa mimba zote na watoto wake wako chuo kikuu? Ni kweli, wapo. Makadirio ya dunia yaliyotolewa mwaka 2017 yanasema katika kila wanawake 13 waliokunywa wakiwa wajawazito, mmoja hivi hupata mtoto aliyeathiriwa kwa kiwango fulani. Kiasi, wakati, lishe ya mama, umri wake na urithi vyote vinaingia. Wamepatikana mapacha wasiofanana, tumbo moja, pombe moja, mmoja kaumia sana na mwenzake kidogo. Kumi na mbili wakivuka barabara bila kugongwa, barabara haijawa salama.

Ila usije ukatoka hapa na jibu moja mkononi ukaacha kutafuta mengine. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha jambo hili kwa mtoto wa miaka minane. Tunalifikia kwa historia ya mimba, vipimo vya kujifunza na kukumbuka, na kwa kuondoa mengine kwanza. Je, alichelewa kulia alipozaliwa? Aliwahi kuwa na manjano kali, malaria iliyopanda kichwani, degedege, homa ya uti wa mgongo? Anasikia vizuri masikio yote mawili? Amepimwa Virusi vya UKIMWI? Mtoto aliyeachwa na mama akiwa na mwaka na nusu ana jeraha lingine pia, na watoto walioshikwa na mikono mingi utotoni nao humkumbatia kila mtu. Wengi watakutajia usonji (autism). Unaweza kufanana, ila mara nyingi mtoto mwenye usonji hasogei kwa watu kwa urahisi namna hii. Wa kwako anasogea mno.

Je, ubongo huo unapona? Seli zilizokufa tumboni hazirudi. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayozirudisha, na atakayekuuzia mwonyeshe mlango. Kuna majaribio ya kirutubisho kiitwacho kolini, kilichomo pia kwenye kiini cha yai, wakipewa watoto wadogo wa chini ya miaka mitano hivi. Kuna dalili njema, bado si tiba. Mpe mayai ukiyapata, kwa sababu ni chakula.

Lakini ubongo unaobaki unajifunza, na hapa nina habari ya kukupa nguvu. Mtafiti Ann Streissguth wa Seattle alifuatilia maisha ya watu 415 wa namna hii. Kwa waliofikia ujana na utu uzima, takriban asilimia 60 walikuwa wamevurugikiwa na shule, na asilimia 60 walikuwa wameingia kwenye mkono wa sheria. Inatisha. Lakini alipoangalia ni akina nani waliokwepa hayo, mambo mawili yalijitokeza: waliotambuliwa mapema, na waliolelewa katika nyumba moja tulivu. Hao uwezekano wao wa kukwepa ulikuwa mara mbili hadi nne ya wenzao. Wa kwako ana nyumba moja tangu mwaka na nusu. Hiyo kazi umeshaifanya bila kuambiwa na mtu.

Nyumbani, punguza maneno. Agizo moja, alimalize, ndipo la pili. Ukimtuma dukani, mpe pakiti tupu ya chumvi aishike mkononi, na hela kamili ndani ya kibahasha. Kiberiti kitakuwa safari nyingine. Siku zifanane: kuamka, mswaki, chai, sare, kwa mpangilio ule ule, na uchore picha za hatua hizo ubandike ukutani. Usimuulize "kwa nini umefanya hivi", maana swali hilo linamlazimisha atunge. Mwambie, "Twende unionyeshe." Mara nyingi mkiwa mmesimama mahali penyewe kumbukumbu inarudi.

Kuhusu wageni, acha neno "mgeni", halimsaidii. Weka majina: watu watano anaoruhusiwa kuondoka nao, picha zao ukutani, na nje ya hao jibu ni moja hata kwa anayemjua: "Ngoja nimuulize mama." Likariri naye kama mlivyokariri shikamoo. Kipaji chake cha kukariri salamu ndicho utakachotumia kumlinda. Kisha mjaribu njiani, sokoni, kanisani au msikitini, mara ishirini, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu alichojifunza mahali pamoja kitabaki hapo hapo. Na zungumza na vijana wa kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwenu, wamjue kwa jina.

Urafiki nao unafundishwa kwa hatua hizo hizo. Los Angeles walikuwa na mafunzo ya vipindi 12, watoto chumba kimoja na wazazi wao chumba kingine, wakifundishwa vitu vidogo kabisa: jinsi ya kuomba kuingia kwenye mchezo, jinsi ya kushindwa bila kupigana, jinsi ya kumkaribisha mwenzako nyumbani. Wewe anza na mtoto mmoja tu, mtulivu, saa moja, mchezo mmoja unaoujua mwisho wake, nawe uwe karibu unamenya ndizi. Mchezo ukianza kuharibika, umalize kabla haujaharibika kabisa.

Shuleni nenda mwenyewe, usitume barua. Mwombe mwalimu mkuu muda, eleza kwamba mtoto yuko kwenye uchunguzi wa hospitali, na uombe mambo mawili tu: akae mbele, na maagizo apewe moja moja. La tatu, viboko, liseme kwa sauti ya chini, ila liseme.

Sasa mdogo wako. Miezi minne si kuchelewa. Kila siku isiyo na pombe kuanzia leo ni siku ambayo ubongo wa huyu wa pili unajengwa bila kubomolewa. Mpeleke kliniki ya wajawazito wiki hii, uingie naye, na umweleze mkunga ukweli wa kiasi anachokunywa, pembeni, si mbele ya foleni. Kama anakunywa kila siku, au asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo, anahitaji kuachishwa akiwa chini ya uangalizi, pengine kulazwa, na wahudumu wa afya ya akili wa hospitali ya rufaa ya mkoa wamezoea kazi hiyo. Vitamini na vidonge vya damu atapewa huko huko. Wodini nimesikia mara nyingi kwamba mbege huongeza damu, hasa kwa sababu ya ulezi. Basi apikiwe uji wa ulezi.

Na usimsimange kwa huyu wa kwanza. Anajua. Wengi wa wanaokuja kwangu walikuwa wanakunywa kabla hawajajua wana mimba, wengine kwa sababu ya kipigo nyumbani, na aibu ndiyo inayowafanya wakwepe kliniki. Mwulize pia mume au huyo aliye naye anakunywa kiasi gani. Mwanamke ni vigumu kuacha pombe katika nyumba ambayo dumu liko mlangoni.

Ukienda naye, mchukue na mtoto siku hiyo hiyo, uombe rufaa ya kliniki ya watoto. Nunua daftari dogo leo. Andika kila siku jambo moja tu alilofanya, kama ulivyoniandikia la chumvi, bila kuweka "mkaidi" wala "mwongo". Na umwombe mdogo wako kadi yake ya kliniki ya mimba ile ya kwanza. Hata kama imechanika, nenda nayo.